Pine ya sekuru nyuma ya Hiace: mahali palipogombewa kwa zaidi ya miaka 100

GOMA – Kabla ya basi ndogo kuondoka kuelekea Sake na Minova, konvoyeri huzunguka gari mara moja. Hugonga matairi manne kwa kisigino, huvuta kamba ya magodoro yaliyo juu, kisha hufika nyuma, akashika gurudumu la tano kwa mikono miwili na kulitikisa. Likicheza, humwita shofere. Gurudumu hilo limefungwa kwenye mkono wa chuma uliochomelewa nyuma ya gari, na halikuwa pale gari lilipotoka kiwandani Japani. Limewekwa pale na fundi wa hapa, kwa mabomba ya chuma, bulo chache na kufuli.

Abiria wengi hulipita bila kulitazama, maana wanakimbilia kiti cha dirishani. Wale waliowahi kulala njiani kwa sababu ya tairi moja ndio wanaolitazama. Shofere huliita pine ya sekuru, vitabu huliita gurudumu la akiba, na swali lake ni moja tu tangu magari yaanze: likae wapi? Likikaa ndani, linakula nafasi ya mtu au ya mzigo. Likikaa chini, linakula matope. Likikaa nyuma, linavuta bampa na linavuta wezi. Historia ya swali hilo inapita Uingereza, Ufaransa na Marekani, na mara mbili inapita katika misitu ya Kongo.

Magari ya kwanza hayakuwa na gurudumu la akiba kabisa. Tairi la kujazwa upepo lilianza kutumika kwa kweli baada ya mwaka 1888, pale John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama mjini Belfast, alipolitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake wa kiume. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amepata hati ya uvumbuzi kama huo tangu miaka ya 1840, lakini wakati wake ulikuwa wa magari ya farasi na jambo likasahaulika. Baiskeli ndiyo iliyolirudisha. Mwaka 1895 ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, wakaingiza motokari yenye matairi ya upepo katika mashindano ya kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi. Matairi yalitoboka njia nzima. Émile Levassor, aliyefika wa kwanza, alikuwa amepanda matairi ya mpira mzito usio na upepo. Watu waliwacheka akina Michelin, lakini miaka michache baadaye waliocheka nao wakawa wananunua matairi ya upepo, kwa sababu gari lililopanda upepo lilikwenda upesi na halikuvunja mgongo.

Tatizo likabaki pale pale: tairi likitoboka, gurudumu halikutoka. Lilikuwa limefungwa moja kwa moja kwenye gari. Shofere alipiga magoti kando ya barabara, akaling'oa tairi kutoka kwenye janti kwa vyuma, akatoa mpira wa ndani, akaziba, akarudisha, akapiga pampu kwa mkono. Mvua ikinyesha, alifanya kazi hiyo hiyo kwenye mvua.

Waliotafuta njia ya kumwinua huyo shofere walikuwa wauza vyuma, ndugu wawili wa mji wa Llanelli, huko Wales: Thomas na Walter Davies. Mwaka 1904 walitengeneza duara la chuma lisilo na vijiti vya katikati, likiwa tayari limevikwa tairi lenye upepo. Gari likitoboka, shofere hakuondoa kitu. Alilishika duara lile akalibana kwa vishikio ubavuni mwa gurudumu lililoharibika, akaendelea na safari polepole hadi nyumbani. Duka lao lilikuwa Stepney Street, na chombo kikapewa jina la mtaa. Kilisambaa sana. Mpaka leo nchini India gurudumu la akiba huitwa stepney, na Wabrazili husema estepe, ingawa wengi wao hawajui kwamba wanataja mtaa mmoja wa Wales.

Chombo cha Stepney kilikuwa kitu cha kwanza kilicholazimisha watengenezaji kujiuliza mahali. Hakikuingia chini ya kiti, wala hakikuwa na sababu ya kukaa juu. Kilifungwa ubavuni, kwenye ubao wa kukanyagia, au nyuma. Hapo ndipo mgogoro ulipoanzia.

Mpira ulitoka wapi?

Mwaka huo huo wa 1904 ndipo ripoti ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza, ilipochapishwa London. Casement alikuwa amepanda mto Kongo mwaka 1903 na kusikiliza watu wa vijijini. Ripoti yake ilieleza jinsi Dola Huru la Kongo, lililokuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, lilivyowalazimisha wanaume kuingia msituni kukinga utomvu wa mitambaa ya mpira, wake zao wakishikwa rehani, na vijiji vilivyopungukiwa kipimo vikipigwa risasi na kukatwa mikono. Mwezi Mei wa mwaka 1904, katika eneo la kampuni ya ABIR kaskazini-magharibi mwa Kongo, mmisionari Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba aitwaye Nsala akiwa ameketi barazani, mbele yake mkono na mguu wa binti yake. Picha hiyo ilizunguka dunia.

Haitakuwa haki kusema kwamba kila tairi la Llanelli lilikuwa na mpira wa Kongo. Mpira mwingi wa wakati ule ulitoka Brazili, na biashara ilichanganya mipira ya nchi nyingi kabla haijafika kiwandani. Lakini tamaa ya matairi ya baiskeli na ya motokari ndiyo iliyopandisha bei, na bei ndiyo iliyopeleka bunduki katika vijiji vya Maringa na Lopori. Wakati mtu mmoja Ulaya alianza kubeba tairi la tano kwa ajili ya raha ya safari, watu wa Kongo walikuwa wanakimbilia msituni wasikutwe nyumbani. Mwaka 1908 Ubelgiji ililichukua koloni kutoka mikononi mwa mfalme, na miaka michache baadaye mpira wa mashambani wa Asia ulifunika ule wa msituni. Mitambaa ikaachwa ipumzike, ingawa si moja kwa moja, kama itakavyoonekana.

Janti linatoka, gurudumu linahamia nyuma

Huko Ufaransa, mwezi Juni 1906, yalifanyika mashindano makubwa karibu na mji wa Le Mans, na mshindi alikuwa Ferenc Szisz, fundi kutoka Hungaria, akiendesha Renault. Alikuwa na faida moja ambayo wengi waliobaki hawakuwa nayo: janti la Michelin linalofunguliwa kwa bulo. Wenzake walikata tairi kwa kisu na kuhangaika juani. Szisz na msaidizi wake walifungua bulo, wakatoa janti na tairi lake, wakapachika jingine lililojaa upepo tayari, na kuondoka baada ya dakika chache.

Baada ya hapo gurudumu zima likaanza kutoka, si janti tu. Kampuni ya Rudge-Whitworth ya Coventry ilitengeneza gurudumu la vijiti linalofungwa kwa kokwa moja ya katikati. Kufikia miaka ya 1920, motokari kuwa na gurudumu la tano lilikuwa jambo la kawaida. Wenye fedha waliweka mawili, moja kila upande, karibu na mlango. Wengine waliliweka nyuma, limesimama wima kama ngao. Nyuma palionekana pazuri kwa sababu hapakuwa na mlango wa kuziba. Magari yale hayakuwa na buti kama tunavyolijua, na mzigo ulifungwa kwenye sanduku la nje.

Buti lilipokuja katika miaka ya 1930, gurudumu likaingizwa ndani yake na kufichwa. Ni wakati huo huo ambapo Edsel Ford, mtoto wa Henry Ford, alitengenezewa gari lake mwenyewe mwaka 1939, lililoitwa Lincoln Continental, likiwa na gurudumu la akiba limesimama nyuma ndani ya kifuniko. Kwake lilikuwa pambo. Wamarekani waliipenda sura hiyo, na katika miaka ya 1950 wengi walinunua vifaa vya kuhamishia gurudumu nyuma ili gari lionekane refu na la kifahari. Kwa hiyo kitu ambacho konvoyeri wa Goma anakitikisa asubuhi kwa hofu ya kreve, kuna mahali kiliwahi kuwa mapambo ya Jumapili.

Vita ndivyo vilivyokirudisha kwenye kazi. Jeep ya jeshi la Marekani iliyoanza kutengenezwa mwaka 1941 ilikuwa fupi, bila buti, bila milango. Gurudumu lake la akiba lilibanwa nyuma upande wa kulia, na bidoni ya mafuta nyuma upande wa kushoto. Askari angeweza kulitoa bila kugusa mzigo wala kuwashusha waliokaa. Wazo hilo ni rahisi, na ndilo linalofuatwa mpaka leo: kitu unachokihitaji gari likipata pane kisikae chini ya vitu vingine.

Hapo ndipo Kongo inaingia mara ya pili. Mwanzoni mwa 1942 Japani iliiteka Malaya, na mashamba makubwa ya mpira yakawa mikononi mwa adui wa Washirika. Majeshi yao yalihitaji matairi ya jeep, ya kamiyo na ya ndege. Utawala wa Ubelgiji hapa Kongo uliongeza siku za kazi ya lazima kwa wanavijiji kufikia 120 kwa mwaka, na katika maeneo ya msitu watu wakarudishwa kukinga mpira wa mitambaa, miaka isiyofika 40 tangu enzi za Leopold. Wazee waliokuwa watoto wakati wa mikono iliyokatwa waliona watoto wao wakitumwa msituni tena. Katika historia ya tairi kurasa hizi hazitajwi sana. Vitabu vya magari hupenda kuanza na Dunlop na baiskeli ya mtoto wake.

Kombi na Hiace

Basi ndogo kama tunavyoijua ilianza na Volkswagen, iliyoanza kutengeneza Kombi mwezi Machi 1950. Injini ya Kombi ilikuwa nyuma, na hilo lilibadilisha hesabu yote. Katika magari ya miaka ya mwanzo gurudumu la akiba lililazwa humo humo juu ya injini. Baada ya 1955 likahamishiwa mbele, nyuma ya kiti cha shofere. Lilipotokea toleo la tatu mwaka 1979, likawekwa chini ya sakafu ya mbele, kwenye sinia la chuma. Wenye Kombi wengi hawakuridhika, wakalitoa na kulifunga usoni, chini ya kioo, kama kitovu. Sura hiyo bado inaonekana katika picha za zamani za miji mingi ya Afrika.

Toyota ilileta Hiace mwaka 1967, na ndiyo iliyoshinda barabara za mashariki mwa Kongo. Nyingi zinafika zikiwa zimetumika, zikipitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, usukani ukiwa upande wa kulia kwa sababu zilitengenezwa kwa barabara za Japani. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo mlango wa pembeni wa gari hilo unafunguka katikati ya barabara, na mama mwenye mtoto mgongoni anashukia mahali pikipiki zinapopita. Hilo ni jambo jingine, lakini ni la familia moja na hili: gari lililofikiriwa kwa barabara nyingine linapewa watu wa hapa walitumie.

Gurudumu la akiba la Hiace liko chini ya sakafu, nyuma kabisa, limelazwa na kushikwa kwa mnyororo. Ili kulishusha, mtu huingiza chuma kirefu kwenye tundu na kuzungusha, mnyororo unalegea, gurudumu linateremka. Kwenye lami kavu, gari likiwa na watu kumi tu, kazi hiyo haichukui muda. Wahandisi walifikiri vizuri, maana nafasi ya ndani ilibaki yote kwa abiria na uzito ukakaa chini, mahali pazuri kwa gari.

Sasa liweke gari hilo kwenye barabara ya kitaifa nambari 2 kati ya Goma na Bukavu wakati wa mvua. Matope yanarushwa na magurudumu ya nyuma moja kwa moja kwenye mnyororo. Yanakauka, yanakuwa kama saruji, chuma kinashika kutu, tundu linaziba. Miezi inapita bila mtu kuligusa. Upepo unatoka kidogo kidogo kwenye gurudumu lile na hakuna anayejua, kwa sababu hakuna anayelala chini ya gari kila asubuhi kulibonyeza. Siku tairi la nyuma linapotoboka, gari lililojaa watu na magunia linakaa chini upande mmoja, na nafasi kati ya sakafu na ardhi inakuwa ndogo kuliko unene wa gurudumu linalotakiwa kutoka. Kwanza lazima upige kriki, na kriki inazama kwenye tope. Shofere anawaomba abiria washuke, konvoyeri anatafuta jiwe la kuweka chini ya kriki, na jua linakwenda zake.

Kwa wakaaji wa Goma kuna jambo la ziada, nalo ni mawe. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002 na moto wake ukapita katikati ya mji. Ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021, ikaikata barabara ya kwenda Rutshuru. Jiwe la volkano lililovunjika lina makali kama chupa, na halichomi tairi mbele tu, mahali mpira ni mnene. Linakata ubavuni. Tairi lililokatwa ubavuni kwado hawezi kuliziba kwa kiraka cha kawaida. Ndiyo maana hapa gurudumu la akiba halikai miaka mitano bila kutumika, kama wahandisi walivyodhani.

Mkono wa chuma

Kwa sababu hizo, mafundi walilitoa chini. Wengine walilipeleka juu, kwenye keria, lakini gurudumu zima lenye janti la chuma lina kilo 20 au zaidi, na kulishusha kutoka juu ya gari usiku, peke yako, juu ya magodoro ya watu, si kazi ya kumtakia rafiki. Nyuma ndipo palipobaki.

Mtu angefikiri ni kutoboa mlango na kutia bulo tatu. Kwenye magari yenye milango miwili ya nyuma inayofunguka kando, jambo hilo linawezekana ukitia bamba la kuimarisha upande wa ndani. Land Cruiser nyingi za mashirika zinazopita hapa zimebeba gurudumu nyuma tangu kiwandani, na bawaba zake zilitengenezwa nene kwa kazi hiyo. Hiace nyingi zina mlango mmoja mkubwa unaofunguka kwenda juu, ukishikiliwa na vyuma viwili vyembamba vyenye gesi. Tundika gurudumu juu yake, na mlango hautakaa juu tena. Utamwangukia anayepakia. Wapo waliojaribu, na bati likapasuka kuzunguka bulo kabla ya mwaka kuisha.

Fundi anayejua kazi hauanzi mlangoni wala kwenye bampa, ambayo ni bati au plastiki tu. Anashuka chini kwenye mihimili miwili ya chuma inayobeba gari zima, anachomelea bomba nene kutoka mhimili mmoja hadi mwingine, na juu ya bomba hilo, pembeni, anasimamisha nguzo fupi. Bomba jingine pana kidogo linavikwa juu ya nguzo hiyo na kutiwa grisi, na hapo ndipo mkono unapozungukia. Upande wa pili kuna kishikio cha kuufunga. Unapotaka kufungua mlango wa mizigo, unafungua kishikio, mkono unazunguka kando na gurudumu lake, mlango unapanda.

Makosa yanayoonekana barabarani ni machache na yanajirudia. La kwanza ni mkono ulioshikwa upande mmoja tu. Gari likiruka shimo, kilo zile 20 hazibaki 20. Zinapiga kama nyundo kwenye nguzo, na chuma kinaanza kupasuka pembeni mwa mahali kilipochomelewa, ufa mwembamba kama unywele. Kishikio cha upande wa pili lazima kivute kwa nguvu, na kipande cha mpira wa tairi kuukuu kikiwekwa katikati, mkono unaacha kugonga. La pili ni gurudumu linalofunika taa na sahani ya namba. Taa ya breki iliyofunikwa ni hatari kwa kamiyo inayokuja nyuma kwenye vumbi, na sahani iliyofunikwa ni sababu nzuri kwa askari wa barabarani kusimamisha gari. Sahani huhamishwa. Taa hazihamishwi kwa urahisi, kwa hiyo gurudumu ndilo linalopanda juu kidogo au kusogea. La tatu ni dogo lakini linaudhi kuliko yote: gurudumu limefungwa huku mdomo wa kujazia upepo ukiangalia ndani, mahali mkono hauingii. Basi linakuwa pale, linaonekana zuri, wala halina upepo.

Kuna na hesabu ya uzito. Kila kilo iliyo nyuma ya magurudumu ya nyuma inainua pua ya gari, kama mtoto akikaa mwishoni mwa ubao. Gurudumu peke yake halitoshi kuleta shida. Gurudumu, bidoni mbili za mafuta, mbuzi na konvoyeri aliyesimama juu ya bampa, wote nyuma, kwenye miteremko ya Ngomo kati ya Bukavu na Kamanyola, hapo shofere anahisi usukani umekuwa mwepesi mikononi. Mafundi wazuri huwaambia wenye magari kwamba mkono ule ni wa gurudumu, si wa soko zima. Wenye magari husikia wanachotaka kusikia.

Siku za kukimbia

Yote hayo hubadilika watu wanapokimbia. Mwezi Februari 2024, mapigano yaliposogea karibu na Sake, maelfu walielekea Goma kwa miguu, kwa pikipiki, kwa kamiyo na kwa basi ndogo. Mwanzoni mwa 2025 safari ikageuka: kambi zilizouzunguka Goma zilivunjwa, na familia zikafunga mizigo kurudi upande wa Masisi, Rutshuru, Kalehe, wengine bila kujua kama nyumba imesimama.

Mzigo wa familia inayohama haupangwi kama mzigo wa soko. Kuna godoro, sufuria, bidoni ya maji, mfuko wa maharagwe, karatasi za shule zilizofungwa kwenye plastiki, na bibi asiyeweza kutembea. Kila kitu kinafungwa mahali popote panapokamata kamba, na mkono wa chuma wa nyuma unakamata kamba vizuri. Godoro linalala juu ya gurudumu, gunia juu ya godoro, kijana anasimama juu ya vyote ameshika keria. Gurudumu lililotolewa chini ili lipatikane upesi linarudi kuzikwa, safari hii chini ya mali yote ya familia moja. Likihitajika, lazima vitu vyote vishushwe kando ya barabara na kuhesabiwa tena kwenye giza.

Tena kuna wale wanaolitoa kabisa. Nauli inapopanda na watu ni wengi, shofere anapiga hesabu: gurudumu likibaki nyumbani, panapatikana mahali pa magunia mawili, au pa mtu mmoja zaidi. Wapo wanaolikodisha kwa gari jingine siku hiyo. Wapo ambao limeibwa, na hawajapata fedha za kununua jingine. Shofere wa namna hiyo si lazima awe mtu mbaya. Mwenye gari anadai fedha yake ya kila siku, vizuizi vya njiani navyo vinadai, na tairi jipya ni ghali. Lakini anayelipa hesabu hiyo ni abiria, na abiria hajaambiwa. Gari lililosimama na tairi moja chini kati ya Minova na Sake, saa kumi na mbili jioni, lina watu ishirini wanaotazama mlima na kusikiliza. Kati yao wengine wamekwisha kukimbia mara tatu, mara nne. Mama anayepanda na watoto ana haki ya kuzunguka nyuma ya gari kabla hajatoa nauli, atazame kama gurudumu lipo, alibonyeze kwa kidole gumba na aulize kriki iko wapi. Konvoyeri atanung'unika, na anung'unike.

Viwanda navyo vimerudi kwenye swali la zamani na kulijibu kwa njia yao. Magari mengi mapya ya abiria huko Ulaya na Japani huuzwa bila gurudumu la tano. Badala yake kuna chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo ya umeme, ili gari liwe jepesi na buti liwe kubwa. Dawa hiyo huziba tundu la msumari. Ubavu uliokatwa na jiwe la Nyiragongo haiuwezi. Magari hayo yameanza kufika hapa yakiwa yametumika, na mnunuzi anainua zulia la buti anakuta shimo lisilo na gurudumu. Safari yake ya pili baada ya kulipia gari ni kwenda kutafuta janti lenye matundu sawa na yake.

Na tairi la akiba lililotumika mpaka nyuzi zikaonekana halitupwi Goma. Linakatwa vipande virefu. Kipande kimoja kinapigiliwa misumari kuzunguka gurudumu la mti la chukudu, kingine kinakuwa ndala. Vyembamba zaidi ni kamba, nazo zinauzwa sokoni. Ndizo zinazofunga magodoro nyuma ya basi ndogo, juu ya gurudumu jingine la akiba, kwenye barabara ya Sake.